Ngozi Siyo Toleo la Kwanza

Wiki iliyopita msomaji kutoka Bukoba alinitumia picha za kitabu cha Speke, mpelelezi wa Kiingereza, kuhusu chanzo cha mto Nile. Jalada la ngozi nyekundu, dhahabu mgongoni, kinang'aa. Muuzaji alishamwambia ni toleo la kwanza, ushahidi ni hiyo ngozi. Nikamjibu usiku uleule: usitoe hela, niletee picha ya ukurasa wa jina, ule wa mwanzo wenye jina la kitabu, mchapishaji na mwaka. Ulipokuja ulisomeka New York, 1864. Toleo la kwanza ni la mchapishaji Blackwood wa Uingereza, 1863, nalo lilitoka na jalada la kitambaa.

Nimefurahi mno, sifichi. Nilianzia kuuza mitumba soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, na nilipohamia vitabu vya zamani kuna mtu alinisema mbele ya wateja kwamba muuza nguo hajui vitabu. Bado inaniuma. Lakini vidole vilivyozoea kupapasa nguo ndivyo vinavyonisaidia hadi leo.

Ndugu zangu, elewa hivi. Tangu miaka ya 1820 wachapishaji wa Uingereza walianza kujalidi vitabu kwa kitambaa. Ngozi kwenye kitabu cha 1863 mara nyingi iliwekwa baadaye na fundi wa mwenye kitabu, na fundi huyo alikata kingo za kurasa. Kwa hiyo ngozi haithibitishi toleo la kwanza, wala hailikanushi.

Hata kitambaa kina ujanja wake. Mchapishaji hakujalidi nakala zote kwa mkupuo. Alijalidi kadiri zilivyouzika. Karatasi zilezile unaweza kuzikuta ndani ya vitambaa viwili tofauti, cha baadaye kikiwa rahisi zaidi na dhahabu imepunguzwa. Chungulia nyuma kabisa: kukiwa na katalogi ya mchapishaji, yaani orodha ya vitabu vyake, yenye tarehe, jalada hilo halikufungwa kabla ya tarehe hiyo. Inua kidogo karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada uone kitambaa kilivyokunjwa pembeni. Gundi mpya huonekana.

Speke aliliona Ziwa Victoria akiwa huku Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Ni aibu sisi wa Kanda ya Ziwa kuuziwa kitabu chake kwa rangi ya jalada. Jifunzeni. Shikeni vitabu, vipapaseni, ulizeni bila woga, na muuzaji asiyetaka kukuonyesha ukurasa wa jina achana naye hapohapo.