Jibu: Watoto wa Kimexico wenye uzito mkubwa, bibi hataki kusikia habari za daieti

Dada umeuliza ufanyeje na hizo familia za Kimexico hapo kliniki Texas, mtoto kazidi uzito na bibi yake anasema mtoto mnene ndo mwenye afya. Kwanza acha kabisa kuwapa ile karatasi ya brokoli na kuku wa kuchemsha, wataitupa na siwalaumu. Chakula chao cha asili kizuri sana jamani, maharage, mahindi, nyanya, parachichi, nopales (majani ya mpungate yanayopikwa kama mboga), mara nyingi shida kubwa ni vinywaji, kopo moja la Coca-Cola la mililita 355 lina sukari gramu 39 na mtoto anashusha mawili matatu kwa siku, anza hapo hapo. Waulizie agua de jamaica, ni juisi ya choya (rosela) ile ile ya kwetu, waichemshe kama kawaida ila sukari wapunguze kidogo kidogo kila wiki mpaka ulimi uzoee. Maharage wasiyakaange na mafuta ya nguruwe, wayale na mchuzi wake.

Halafu mpikaji ni bibi, kwa hiyo ongea nae yeye, kwa heshima na kwa Kihispania, usimalizane na mama tu. Mtoto usimpime mbele za watu wala kumuita bonge, na wengi wanaokua bado hawahitaji kupungua kilo, inatosha uzito utulie huku urefu unapanda, hilo daktari wake ndo aamue. Mazoezi nayo yasiwe adhabu, wawashe cumbia, muziki wao wa kucheza, sebuleni wacheze familia nzima, baba pia.