Mdhamini anayejua unalala wapi

Mdogo wangu, mwendesha boda hapa Busia, Uganda, alishtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Siku ya kwanza nilikwenda mahakamani na pesa mfukoni, nikidhani dhamana ni kitu cha kununua. Tulirudi bila yeye.

Aliyetuangusha ni mjomba. Tulimchagua kuwa mdhamini kwa kuwa ana shamba na sauti ya heshima. Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Mshtakiwa analala wapi?" Mjomba akataja mtaa ambao kijana alihama zamani, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ilitaja mwingine. Kijana akarudishwa rumande.

Baadaye wakili alitufungua macho. Kwenye dhamana hakimu haamui kama umeiba. Katiba ya 1995, kifungu cha 28, bado inakuhesabu huna hatia. Anachotaka kujua ni kama utarudi. Anatazama uzito wa shtaka na adhabu yake, rekodi yako ya nyuma, kama una makazi ya kudumu katika eneo la mahakama, na kama utawasumbua mashahidi. Kwetu mpakani hilo la makazi ndilo linalouma: Kenya iko pale, unavuka kwa miguu.

Mara ya pili tulimleta mama mwenye nyumba. Hana shamba, lakini ndiye anayemfungulia geti usiku. Alipoulizwa kilipo chumba cha kijana, alijibu, "Cha mwisho, karibu na bomba, na kodi ya mwezi huu bado." Hata hakimu alitabasamu. Barua mpya ya LC1 ilikuwa na muhuri na mtaa uleule, na vitambulisho vya taifa vilikuwa na nakala. Kijana akapewa dhamana.

Makosa kama mauaji na ubakaji ni habari nyingine: hayo huamuliwa na Mahakama Kuu tu, nako ndiko unakoombea dhamana. Ukikaa rumande siku 180 bila kesi kupelekwa huko, Katiba inataka uachiliwe kwa masharti. Kwa makosa ambayo hata hakimu wa chini anaweza kuyasikiliza ni siku 60 kabla kesi haijaanza. Hesabu mwenyewe siku hizo.

Wale wanaojiuza koridoni kama wadhamini, wapite. Na stakabadhi ya pesa utakazoweka iweke vizuri, maana hurudishwa kesi ikiisha kama hukutoroka. Yetu mama aliificha ndani ya Biblia, halafu tukaisaka wiki nzima.