Rashi ikitokea usikimbilie shimoni

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia inbox, "dada nina milioni mbili, nasikia kuna rashi mpya, niende nikachimbe au nifungue duka hukohuko?" (Rashi ndo hii, dhahabu ikionekana mahali watu wanamiminika kuchimba.) Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ndo mimi kabisa wa 2016, ila mi sikuwa na wa kumuuliza.

Nilitoka Makete na marobota ya mabuti ya mpira, viroba na tochi za kichwani. Sisi Wakinga biashara tumezaliwa nayo, ndivyo nilivyokuwa najidanganya. Nikasimamisha banda la miti na turubai kwenye machimbo mkoani Geita, kulia kwangu mama ntilie wa Bukoba, kushoto jamaa wa Kigoma anachajisha simu, yaani mwenyeji humuoni, wote wakuja. Wiki mbili za kwanza nililala juu ya hela, na hapo sitii chumvi, nilikuwa nazifunga kwenye kiroba naweka chini ya godoro.

Akaja mwenye duara mmoja, yaani mwenye shimo la kuchimbia, mtu wa heshima zake, ananiita mama wakati kanizidi umri. Akachukua mabuti jozi 40 ya vijana wake, kwa mkopo, duara likitema, yaani likitoa mawe yenye dhahabu, ananilipa mawe. Nikaandika daftarini. Wiki iliyofuata tochi, halafu kamba, halafu tena tochi. Na kweli likatema! Nikapewa mifuko 11 ya mawe, nikaipeleka karasha, mashine ya kusaga mawe, mwenyewe, nimesimama pale vumbi limejaa mpaka kwenye kope, tukaosha, tukatia zebaki, tukachoma, kikabaki kitu kama punje ya mtama. Hakikulipa hata hela ya karasha. Mifuko yenye mali, nilikuja kuambiwa baadaye, ilishatoka usiku.

Mwezi haujaisha ikatajwa rashi nyingine, naamka asubuhi mabanda yote yameng'olewa, nimebaki mimi na mbwa na daftari. Kwa hiyo ushauri wa kwanza, USIKOPESHE MGODINI. Wa pili ni huohuo, na wa tatu pia, hata akikuita mama.

Nauli ya kurudi kwetu nilikuwa nayo, uso wa kurudi nao ndo sikuwa nao. Nikaishia Katoro, mji wa biashara hukohuko Geita, nikaajiriwa duka la jumla, na hapo ndo macho yakafunguka. Wale wote waliokuwa wanapanga vitu kwenye turubai machimboni walikuwa wananunua pale! Rashi inahama kila siku, ila lori la mzigo linashusha palepale.

Nikaanza kusoma mambo ya California, dhahabu ilipoonekana Januari 1848. San Francisco ilikuwa na watu kama 1,000 tu, kufika 1850 wako kama 25,000, mabaharia wanatoroka meli wanakwenda kuchimba, na meli zilizotelekezwa bandarini nyingine zikageuzwa maghala na maduka. Domingo Ghirardelli, Mwitaliano aliyepitia Peru, alijaribu kuchimba kidogo akaona hapana, akafungua duka, na 1852 akaanzisha kampuni ya chokoleti mjini. Na huyu Levi Strauss, mtu wa Bavaria, watu wanapenda kusema aliwauzia wachimbaji wa 1849 jinzi. Si kweli jamani. Alifika San Francisco 1853, akauza vitambaa na nguo kwa jumla miaka 20 nzima, jinzi za ribiti, vile vifungo vya chuma vya kukaza mifuko, zikaja 1873. Alikaa bandarini mzigo unapofikia, wenye maduka ya huko ndani wakamfuata. Wageni wengine hata hawakuwa na uchaguzi, 1850 waliwekewa kodi ya dola 20 kwa mwezi wakitaka kuchimba, wengi wakaacha.

Vijana mnapenda njia ya mkato, hilo ndo tatizo lenu. Mnaona dhahabu, hamuoni buti. Ila hata mjini usijisahau, muulize mtu wa Chunya kule Mbeya, dhahabu ya eneo la Lupa ilijaza watu na maduka miaka ya 1930, ilipopungua mji ukapoa. Ndo maana mimi nauza vitu ambavyo hata mkulima anavitaka, kiroba kinabeba mawe na kinabeba mpunga, buti linaingia shimoni na linaingia jaruba. Rashi ikikauka mimi bado nauza.

Leo nina fremu mbili Katoro, ya tatu nimelipia kodi mwezi uliopita, waliosema nitarudi kwetu na mfuko wa rambo wapo na wanasoma hapa. Wewe mdogo wangu milioni mbili yako njoo nayo Katoro, ukae mwezi mzima kwenye duka la mtu uangalie nini kinabebwa na nani, huko rashi upeleke mzigo wa siku mbili, uuze keshi, urudi.

Na yule mwenye duara alikuja dukani kwangu Februari. Mabuti jozi 12, keshi, anahesabu noti huku anaangalia pembeni kama hanijui. Nikamwandikia risiti, nikamuuliza jina ni nani.