Kutoa pauda koti kwenye rimu na fremu: anza na sumaku, grenda baadaye

Watu wengi wakitaka kubadili rangi ya fremu ya pikipiki au rimu za gari huwa wanauliza kitu kimoja tu, "dawa gani inatoa hii pauda?" na mafundi nao wanajibu haraka haraka, nunua rimuva (dawa ya kubandua rangi), au lete tuipige mchanga, au mbaya kuliko zote, tuichome na gesi itabanduka yenyewe. Mimi kazi hii ya kusafisha vyuma na kupuliza rangi naifanya hapa Dar muda sasa na mtu akiniuliza hivyo na mimi namuuliza, hicho kifaa ni chuma au aluminiamu? Kama hujui bandika sumaku. Ikinasa ni chuma, isiponasa basi kwa vifaa vya magari na pikipiki mara nyingi sana ni aluminiamu, na hapo nusu ya njia ulizoambiwa mtaani hazikufai.

Tuelewane kwanza hii rangi ikoje. Pauda koti ni unga mkavu, unapulizwa ukiwa umetiwa chaji ya umeme ili ung'ang'anie chuma, halafu kifaa kinaingia kwenye oveni kwenye nyuzijoto kama 180 hadi 200 hivi, unga unayeyuka, unatandaa, unashikana kikemia na hapo ndo basi tena, haurudi kuwa unga na thina haiuyeyushi. Sugua kitambaa chenye thina kwenye rangi ya kawaida ya kopo utaona kitambaa kinabadilika, kwenye pauda utasugua mpaka mkono uchoke. (Rangi za kuchanganya na hadena nazo zinakataa thina ya kitambaa kwa hiyo hilo jaribio pekee lisikupe uhakika wote.)

Sasa kabla hujatoa hela, jiulize kama ni lazima uitoe yote. Hapa nagombana na mafundi wenzangu lakini nitasema. Pauda ambayo haijabanduka popote, haina malengelenge, haina kutu inayotambaa chini yake, ni praima (rangi ya kwanza ya kushikia) nzuri kuliko praima nyingi utakazonunua. Chora alama ya X kwa wembe mpaka chuma kionekane, bandika selotepu, bonyeza sana, ivute kwa mkupuo. Kama hakuna kilichotoka na tepu basi piga msasa namba 240 kisha 320 mpaka mng'ao wote ufe, hasa kwenye kona na viungo vya welding maana hapo ndipo watu wanapitisha msasa kwa mbali na ndipo rangi mpya inapoanza kubanduka, safisha mafuta, piga epoksi praima, endelea na rangi yako. Kutoa yote ni pale ambapo kutu imeingia chini, au kuna nyufa na unataka kuchomelea, au rangi ni tabaka juu ya tabaka mpaka nyuzi za bolti zimejaa.

Haya, tuseme lazima itoke. Rimuva ndio njia ya wengi kwa sababu haihitaji mashine. Zile kali zenye methilini kloraidi zinafanya kazi kweli, unapaka nzito kwa brashi, unaacha, baada ya muda pauda inavimba na kujikunja kama utando wa maziwa, unaikwangua na kipande cha plastiki au mbao. Ila kwa joto letu kuna shida moja ambayo watu hawaijui, hiyo kemikali inachemka kwenye nyuzijoto 40 tu, kwa hiyo ukipaka juani inaruka hewani kabla haijapenya na wewe unaanza kulalamika umeuziwa feki. Fanya asubuhi au kivulini, paka, halafu funika na nailoni ili isikauke. Usikwangue mapema, subiri, paka mara ya pili pale palipokataa. Pauda ni nene, tabaka la kawaida ni kama maikroni 60 hadi 120 (maikroni elfu moja ni milimita moja), haitoki kwa haraka ya kwenye video.

Na hapa naomba tuwe serious kidogo. Mvuke wa hiyo dawa ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kujaa kwenye shimo la gereji au stoo isiyo na madirisha, na ukiuvuta mwili unaugeuza kuwa kaboni monoksaidi ndani yako mwenyewe, ile ile hewa ya moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wamarekani mwaka 2019 walipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida rimuva za aina hii baada ya watu kufa, na wengi walikufa wakifanya kazi sehemu zilizobana kama bafuni. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote na hata ile ya vumbi haisaidii. Fanyia nje, upepo ukitokea mgongoni, na glavu zile nyembamba za hospitali dawa inapita ndani yake chap, tafuta nzito zinazotajwa kwenye kopo lenyewe. Zipo pia rimuva zinazotumia alkoholi ya benzili, hizo ni za taratibu, unaweza kuacha usiku kucha, lakini kama huna haraka mimi ningekushauri hizo.

Ukimaliza, osha. Osha tena. Rimuva inajificha kwenye mikunjo, kwenye mdomo wa rimu, ndani ya bomba la fremu, halafu wiki mbili baadaye rangi yako mpya inajikunja mstari mmoja pembeni ya kiungo na hujui kwa nini. Puliza na kompresa kila tundu.

Kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni nayo inafanya kazi kwenye chuma ikiwa ya moto, taratibu, na inaunguza ngozi vibaya. Kwenye aluminiamu usiguse. Inakula rimu yenyewe na kutoa hewa ya haidrojeni ambayo inashika moto.

Kupiga mchanga sasa. Watu wanadhani ni njia ya mkato, kumbe pauda ina kaunyumbufu fulani, punje zinaigonga na kurudi, hasa zile shanga za kioo ambazo ni duara. Inatakiwa punje yenye kona, ganeti au aluminiamu oksaidi, na ukiilainisha kwanza na rimuva kazi inakuwa nusu. Mchanga wa kawaida ukiusikia kataa, vumbi lake lina silika na linaua mapafu ya anayepiga na ya jirani yake anayekunywa chai pembeni, ugonjwa unaitwa silikosisi na hauponi. Mchanga wa baharini ndio kichekesho kabisa, unaondoa rangi huku unapakaa chumvi kwenye chuma kilicho wazi. Kabla fremu haijaenda kupigwa ziba matundu yote, funga nyuzi za bolti kwa bolti za zamani, toa beringi za usukani na bushi zote, na namba ya chesisi ifunike kwa tepu nene tabaka kadhaa, hapo usipige na usipitishe grenda, utapigwa maswali na trafiki mpaka useme fremu umeiokota. Ukibadili rangi kabisa kumbuka kadi ya chombo imeandikwa rangi, kamalizane na TRA, mamlaka ya mapato. Bati jembamba kama tenki la mafuta au mlango wa gari usimpe mtu wa presha kubwa, linajikunja na halirudi.

Moto. Kwenye rimu za aluminiamu sitaki hata kusikia. Rimu nyingi za spoti nguvu yake inatokana na kupikwa na kupoozwa kwa mpangilio maalum kiwandani, ukiichoma na tochi ya gesi mpaka pauda iungue umeshapita mbali zile nyuzijoto 200 za oveni ya rangi na umelainisha kitu kinachobeba gari na familia yako. Kwa macho huoni tofauti. Kuna jamaa aliniletea rimu nne zilizochomwa mtaani, safi kabisa, zinang'aa, nikamwambia mimi hizi sipaki, akanuna akaondoka. Springi nazo usichome na usiziloweke kwenye asidi, zinakuja kukatika zikiwa kazini. Shokapu ina mafuta na wakati mwingine gesi ndani, ukiipasha moto ni bomu. Kama ni chuma kinene cha kawaida, mashine ya hewa ya moto na kikwangulio inatosha kulainisha sehemu ndogo, nje, mbali na pua yako, maana pauda ikiungua moshi wake ni sumu.

Grenda yenye diski ya msasa naitumia sehemu bapa za chuma tu, kwa kugusa gusa, ukikandamiza pauda inapata moto na kunata kwenye diski halafu unabaki unapaka plastiki iliyoyeyuka.

Kinachoharibu kazi nyingi ni masaa baada ya chuma kuwa wazi. Kwa unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, chuma kilichopigwa mchanga asubuhi jioni kinaweza kuwa kimeshapata rangi ya chai. Usishike kwa mikono mitupu, jasho lina chumvi. Kwa hiyo panga siku yako kinyume, praima iwe imeshanunuliwa, bunduki ya rangi iwe safi, kompresa imetolewa maji, ndipo utoe pauda. Epoksi praima siku hiyo hiyo, na kwenye aluminiamu hivyo hivyo baada ya kusugua kidogo, kisha filla (ile ya kuziba mabonde) kama ipo, kisha rangi.

Ila kama unarudisha pauda koti nyingine badala ya rangi ya bunduki, usipake filla ya kawaida kabisa maana oveni itaiharibu, na rimu za kumiminwa mwambie mwenye oveni azipashe moto tupu kwanza kabla ya unga, aluminiamu ya hivyo ina vishimo vidogo vyenye hewa na mafuta ya zamani, vikitoka wakati wa kuoka unapata vitobo vitobo juu ya rangi. Na rimu zilizopigwa rangi ya bunduki msiwape watu wa matairi kesho yake, ikikauka juu haijakomaa ndani, soma kopo imeandikwa siku ngapi.