Wenyeji halisi wa Mumias ni nani?

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Mumias. Binti yangu wa Gredi ya Sita amepewa kazi ya nyumbani: aandike makabila ya mji wetu na asilimia ya kila kabila. Jumamosi nzima tumetafuta takwimu, hatukuzipata. Akaniambia basi tuanze na sisi wenyewe, na hapo ndipo nilipokwama. Baba yake ni Mwanga, yaani Mluhya wa jamii ya Wanga. Mama yangu ni Mluo wa Ugunja, baba yangu Mnubi wa Kibos. Jirani aliyekuwa akisikiliza akadakia, "Andika Wawanga. Hao ndio wenyeji, nyinyi wengine ni watu wa kuja." Mtoto akafunga daftari. Sasa tuandike nini?
Mama wa Mumias

JIBU: Binti yangu, hilo daftari lililofungwa limenikaa moyoni, maana mimi pia nimezaliwa hapo hapo Mumias.

Kuhusu takwimu nitasema kwa ufupi. Sensa ya Kenya ya 2019 iliuliza kabila la kila mtu, lakini hesabu za makabila zilizochapishwa ni za nchi nzima. Humo utakuta Waluhya 6,823,842, Waluo 5,066,966, na Wanubi zaidi ya 21,000. Mstari wa Mumias haumo. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia za mji wetu, muulize alihesabu lini na alipita nyumba zipi.

Hata hizo za nchi nzima, mimi huzisoma polepole. Agosti 1979, nikiwa kijana aliyetoka shuleni juzi tu, nilikuwa karani wa sensa mitaa ya mjini. Nyuma ya msikiti nilimkuta bibi mmoja, mkongwe hasa, akipepeta mchele kwenye ungo. Nikamuuliza, "Bibi, kabila lako?" Akaniambia, "Mjukuu wangu, unataka la nani? Baba alikuwa Mmaasai wa Uasin Gishu. Mama alikuwa wa Marama. Mume wangu, baba yake alikuja na msafara kutoka pwani. Mimi nimezaliwa pale," akanyoosha kidole kwenye mwembe. Kwenye fomu yangu palikuwa na nafasi moja tu. Nikaandika Mluhya, kwa kuwa alinijibu kwa Kiwanga. Hakunibishia, alirudia mchele wake. Miaka yote hii najuta. Nilimpokea baba yake, mama yake na mkwe wake, kisha nikawafuta kwa neno moja ili nafasi ijae.

Sasa tuje kwa jirani yenu. Amesema kweli kwamba Wawanga walikuwa na dola hapo kabla ya Mzungu yeyote kufika. Mji wenyewe umebeba jina la Nabongo Mumia, yaani Mfalme Mumia. Zamani paliitwa Elureko, na misafara ya pwani ilizoea kupaita kwa jina la aliyetawala: ilikuwa Kwa Shiundu, baba yake Mumia, kisha ikawa Kwa Mumia. Lakini mtu akitaka kutumia historia hiyo kumwita mtoto wa kuja, aisimulie yote. Masimulizi ya Abashitsetse, ukoo wa kifalme wenyewe, yanasema mwanzilishi wao alikuja kutoka kwingine akapokelewa na watu aliowakuta. Ufalme ulianza kwa mgeni.

Na walioutetea walikuwa mchanganyiko. Wapiganaji wa Kimaasai, hao wa Uasin Gishu waliovunjwa nguvu na Wamaasai wenzao, walipigana upande wa Wanga, na baadhi yao wakabaki. Waarabu na Waswahili walifika kutafuta pembe za ndovu, na watumwa pia. Hilo tusilifiche watoto. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipopita mwaka 1883 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wanaijua njia hiyo vizuri. Waliobaki walioa, wakajenga, na Uislamu ukaingia mpaka katika nyumba ya Mumia. Bibi yangu mzaa baba alijifunga leso na kusoma Maulidi kama mtu wa Lamu, ila akikasirika aligomba kwa Kiwanga. Mwaka 1895 Hobley, ofisa wa Kiingereza, alifika kusimamia kituo cha serikali ya Kiingereza, na askari wa Kisudani walikuwa katika jeshi la serikali hiyo. Wanubi wa Kibos, watu wa baba yako, ni uzao wa askari wa namna hiyo. Kama Mnubi ni mtu wa kuja, basi amekuja zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Jina "Waluhya" lilianza kushika miaka ya 1930, watu wa koo hizi nyingi walipotafuta jina moja la kusimama pamoja. Mumia alikufa mwaka 1949, akiwa mzee sana. Sehemu kubwa ya maisha yake, ungemuuliza kama ni Mluhya, asingejua unasema nini.

Kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, mji ulijaa upya. Nilipoanza kufundisha, nikiita majina asubuhi, Wesonga alifuatwa na Omondi, Omondi na Abdalla, Abdalla na Njoroge, na nyuma kabisa mtoto wa Kiteso ambaye baba yake alikata miwa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chagueni nyumba ishirini za mtaa wenu, mbishe hodi jioni watu wakiwa wamepumzika. Msiulize kabila kwanza. Ulizeni bibi zao wote wawili walizaliwa wapi, na wakiwa wanakula wanaongea lugha gani. Kabila lije mwisho, na atakayetaja mawili au matatu aandikiwe yote. Anayekataa kutaja aachwe kwa heshima: katika sensa ya 2009 zaidi ya watu 600,000 walijibu "Mkenya" na wakahesabiwa hivyo hivyo.

Asilimia mwalimu wake amezitaka, basi apige hesabu, ila juu ya jedwali aandike "Nyumba ishirini za mtaa wetu", asiandike "Mji wa Mumias". Nyumba yenu ihesabiwe kwa Wanga, kwa Waluo na kwa Wanubi. Jumla itapita mia. Asiisahihishe, chini yake aandike sentensi moja kueleza kwa nini imepita.

Na jirani mpitieni pia, awe katika hizo ishirini. Muanze na bibi yake mzaa mama.