Maswali ya Wasomaji: Kumjenga Dalek wa Mwaka 1963

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu Dalek wa tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who, ambayo BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963, na barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wako mafundi wengi miongoni mwa wasomaji wetu wanaotamani kumjenga kiumbe huyo kwa kimo chake halisi. Kwa asiyemjua, Dalek ni kiumbe dhaifu aliyejificha ndani ya gamba la chuma linaloteleza sakafuni, lenye sketi ya vibao iliyojaa nusu-tufe, mabega, shingo ya wavu, na kuba lenye jicho moja lililochongoka mbele. Safari hii ukurasa wote ni wake.

*Mimi ni seremala, na nimekusanya picha nyingi za Dalek ili nimjengee mwanangu. Tatizo ni kwamba picha hazilingani: huyu ana vibao vya wima mabegani, yule hana, huyu ana kitako kinene, yule chembamba. Nifuate picha ipi, na kazi nianzie wapi? — Msomaji, Tanga*

Ndugu seremala, picha zako zote ni za kweli, ila si za Dalek mmoja. Wale wa kwanza walikuwa wanne tu, waliotengenezwa na kampuni ya Shawcraft ya Uxbridge kwa hadithi iliyoanza tarehe 21 Desemba 1963, na ilipohitajika kuonyesha kundi kubwa, picha za Dalek zenye ukubwa wa kimo chao zilisimamishwa nyuma yao. Mabega yao yalizungushiwa mikanda tu, bila vibao vya wima. Mwaka 1964 BBC iliwatoa nje ya studio hadi kwenye mitaa ya London, wakapita juu ya daraja la Westminster, na kwa kuwa magurudumu madogo ya studio yasingeweza kuhimili lami na mawe, waliwekewa makubwa zaidi, ambayo ilibidi yafichwe kwa kitako kinene. Mgongoni wakafungiwa sahani ya kupokea nguvu, kwa sababu katika hadithi ya kwanza ilikwisha kuelezwa kwamba wanapata umeme kutoka kwenye sakafu ya chuma. Vibao vya wima na wavu mabegani vilikuja mwaka 1965. Kwa hiyo kila tofauti unayoiona ina tarehe yake na sababu yake, na nakala inayochanganya kitako cha 1964 na vibao vya 1965 ni nakala ya kitu ambacho hakikupata kuwako. Chagua hadithi moja, kusanya picha za hadithi hiyo peke yake, na uzifiche nyingine zote mpaka umalize kazi.

Kuhusu pa kuanzia, jibu langu litakushangaza: anza na kiti. Mbunifu wa Dalek, Raymond Cusick, aliyekuwa mwajiriwa wa idara ya usanifu ya BBC, alianza mchoro wake kwa kumchora mtu aliyeketi, kisha akamzungushia gamba. Imezoeleka kusimulia kwamba aliiga kopo la kunyunyizia pilipili, lakini kopo hilo alilitumia mezani kumwonyesha mwenzake jinsi Dalek atakavyotembea, nalo halikuwa chanzo cha umbo. Ukilielewa hili utaacha kuiona sketi kama pia iliyopinduliwa. Kwa mbele inasogea nje na kulala zaidi, kwa sababu ndani mna magoti ya mtu. Kwa nyuma inakaribia kusimama wima, kwa sababu hapo pana mgongo. Wajenzi wengi ambao kazi zao nimeziona zinapwaya walikosea hapo hapo: walichora kitako cha duara kamili, wakapata kitu kinachofanana na kengele.

Basi tengeneza stuli fupi, mketishe mtu atakayekuwa ndani, pima kutoka sakafuni hadi machoni pake, maana mwendeshaji huona kupitia wavu wa shingo wala si kupitia jicho la kuba, kisha ndipo ukate plaiwudi. Unapokata vibao vya sketi, kumbuka kwamba kila ukingo ukatwe mshazari, na kwamba pembe ya mshazari haiwi moja kwa vibao vyote kwa kuwa miinamo yao inatofautiana. Dalek wangu wa kwanza nilimkata kwa pembe moja tu kuzunguka mzingo wote, na nilipofika kwenye kibao cha mwisho pengo lilitosha kupitisha vidole vitatu. Ilinibidi nianze upya. Kata kwanza vibao vya karatasi ngumu, uviunganishe kwa gundi ya karatasi, na usiuguse ubao mpaka karatasi ikubali.

*Shikamoo mzee. Mabega na kuba nataka niyafanye kwa faiba, kwa sababu mjomba wangu ni fundi wa boti. Amejaribu mara mbili na rezini imeganda ndooni kabla hatujaipaka. Je, walitumia kitu gani kule Uingereza? — Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Walitumia faiba hiyo hiyo. Sketi ya Dalek wa kwanza ilikuwa ya mbao, na mabega na kuba vilikuwa vya nyuzi za kioo na rezini, kwa hiyo mjomba wako ana ujuzi ule ule waliokuwa nao mafundi wa Uxbridge. Lililowashinda ni joto la pwani pamoja na kuchanganya rezini nyingi kwa mkupuo. Rezini inapoanza kuganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa imerundikana ndani ya ndoo, joto hilo halina pa kutokea, hivyo huharakisha kuganda, na kuganda kukaongeza joto. Kigumishi huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Mahali penye joto kama kwenu bakini karibu na asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo moja, na mpime kwa mizani, si kwa kifuniko cha chupa. Changanyeni kiasi cha kutosha tabaka moja tu, mkimimine kwenye chombo kipana chenye kina kifupi, na mfanye kazi alfajiri.

Kalibu ya kuba ichongwe kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila mkwaruzo wake utaonekana kwenye kazi iliyokamilika. Pakeni nta ya kuachia tabaka kadhaa, mking'arisha kila moja, kisha mlaze mkeka wa nyuzi na kuukandamiza kwa brashi mpaka viputo vyote vya hewa viishe. Tabaka mbili au tatu zinatosha. Kuba zito humchosha aliye ndani bila faida yoyote.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: kama rezini yenu inahitaji kiharakishi cha kobalti, kisikutanishwe kamwe moja kwa moja na kigumishi, kwa sababu viwili hivyo vikikutana peke yake huweza kulipuka. Kiharakishi kikorogwe kwanza ndani ya rezini mpaka kipotee, ndipo kigumishi kifuate. Vaeni miwani, glavu na barakoa yenye chujio la mvuke, mfanyie kazi mahali penye upepo, na wakati wa kupiga msasa vaeni mikono mirefu, kwa maana vumbi la nyuzi za kioo huingia kwenye ngozi na kwenye mapafu.

*Nusu-tufe za sketi ni ngapi hasa, na nizipate wapi? Nimejaribu kukata mipira ya plastiki ya watoto lakini inabonyea. — Msomaji, Morogoro*

Ni 56, katika safu 14 za wima, kila safu ikiwa na 4, na kipenyo chake ni takriban sentimita 10. Mipira ya watoto haifai. Maboya magumu ya plastiki ya matangi ya maji yanaweza kukatwa katikati na kutumika, mradi upate 28 yenye ukubwa mmoja, jambo ambalo si rahisi ukinunua duka hili na lile.

Njia ninayoipenda ni kuzifinyanga nusu-tufe mwenyewe kwa mvuto wa hewa. Mpe mkereza mbao akukerezee nusu-tufe moja ya mti mgumu, uiinue juu ya kisahani chembamba ili plastiki ifike mpaka kwenye ukingo wake, na uiweke juu ya kisanduku kilichofungwa barabara, chenye matundu madogo madogo kwenye uso wa juu na bomba la mashine ya kufyonza vumbi ubavuni. Bana karatasi ya polistirini ya milimita 1.5 au 2 kati ya fremu mbili za mbao, uipashe moto katika tanuri mpaka ianze kulegea na kuning'inia katikati, kisha uishushe juu ya kalibu huku mashine ikivuta. Ndani ya sekunde chache plastiki itakumbatia kalibu. Kumi za kwanza zitaharibika; baada ya hapo mkono utajua lini plastiki imeiva kwa kutazama tu jinsi inavyoning'inia.

Weka alama za mahali pa kila nusu-tufe vibao vikiwa bado vimelala mezani. Kwa sababu sketi inafinyaa kadiri inavyopanda, safu za wima husogeleana kuelekea juu, na ukizipima kwa umbali sawa kutoka chini hadi juu zitaonekana kama zinadondoka upande.

*Tamthilia ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Je, ina maana naweza kupaka rangi yoyote? — Msomaji, Nairobi*

Unaweza, lakini utakuwa umemjenga Dalek wako, si wa 1963. Wale wa kwanza walikuwa wa rangi ya fedha, na nusu-tufe zao za samawati hafifu, ijapokuwa mtazamaji wa nyumbani aliona kijivu tu. Doctor Who ilianza kurushwa kwa rangi Januari 1970, na Dalek wakaonekana ndani ya tamthilia hiyo kwa rangi kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1972, katika hadithi iliyokuwa na Dalek watatu tu, kiongozi wao akiwa wa dhahabu. Ukipenda dhahabu, basi jenga yule wa 1972 pamoja na vibao vyake vya wima. Rangi ya fedha haisamehi: pati na praima visawazishwe kwa msasa mpaka kiganja kisihisi kiungo, kwa sababu kila bonde dogo litang'aa.

*Sauti ile ya Dalek inatengenezwaje? Programu za simu nilizojaribu zinatoa sauti ya roboti wa kawaida. — Fundi redio, Bujumbura*

Sauti ile ilikuwa ya waigizaji Peter Hawkins na David Graham, na aliyeipitisha kwenye mitambo ni Brian Hodgson wa karakana ya sauti ya BBC, kwa kutumia ringi moduleta. Kifaa hicho huzidisha sauti ya mtu kwa wimbi la umeme la takriban Hz 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, na matokeo yake ni kwamba kila masafa ya sauti hugawanyika kuwa mawili, jumla na tofauti: ukitamka kwa Hz 200, hutoka 170 na 230, na zile 200 zenyewe hutoweka. Ndiyo maana masikio husikia mtetemo mkali usio wa binadamu. Wewe ni fundi redio, kwa hiyo transfoma mbili ndogo na diodi nne zilizopangwa kwa mduara zitakutosha. Chagua diodi zinazolingana kadiri iwezekanavyo, la sivyo mlio wa Hz 30 utapenya hata usiposema neno.

Mashine pekee haitoshi, lakini. Hawkins na Graham walikata silabi, wakabaki kwenye noti moja, kisha wakapandisha ghafla mwishoni kama mtu aliyepandwa na hasira. Fungia pia swichi ndani kwa ajili ya taa za kuba, ili ziwake na kuzimika sambamba na silabi, kwa sababu bila taa hizo mtazamaji hawezi kujua ni Dalek yupi anayezungumza.

*Shule yetu itamtumia Dalek jukwaani, na mlango wa ukumbi ni mwembamba. Mwanafunzi mmoja amejitolea kukaa ndani. Tuzingatie nini? — Mwalimu, Dodoma*

Mwalimu, pima mlango leo, kabla gundi haijashika popote. Dalek na ajengwe vipande vitatu vinavyoachana, yaani sketi pamoja na kitako, mabega, na shingo pamoja na kuba, vishikwe kwa boliti zenye nati za masikio ambazo mtu wa nje anaweza kuzifungua kwa vidole bila kutafuta spana. Magurudumu yawe ya aina inayogeuka kila upande, kama yale ya viti vya ofisini, na mwanafunzi avae viatu vya raba ili miguu yake isukume sakafu bila kuteleza wala kusikika.

Aliye ndani hawezi kujifungulia mwenyewe. Hata waendeshaji wa BBC walikuwa wakisubiri mtu awaondolee sehemu ya juu. Kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi hiyo peke yake, akae nyuma ya pazia upande ule ule Dalek anakotokea, na wawili hao wakubaliane juu ya ishara, kwa mfano kugonga ubao mara tatu. Fanyeni mazoezi ya kumtoa kabla ya mazoezi ya mchezo wenyewe, mkihesabu sekunde, na Dodoma mchana msimwache ndani zaidi ya onyesho moja bila kumfungulia apate maji na hewa.