Mwombe Mkandarasi Taarifa Kabla Dari Halijafungwa

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, mlinzi alinipigia: maji yanamwagika kutoka darini, ghorofa ya nne, upande wa lifti. Nilikuwa nyumbani Tabata, sahani ya wali iko mkononi. Nikafungua simu, nikatafuta ghorofa kwenye majedwali ya jengo, nikampigia fundi bomba wa zamu: "Toka mlango wa ngazi, hesabu vipande vya dari kuelekea maliwatoni, sukuma cha sita. Koki yenye kibati V-4-07. Ifunge." Zikapita dakika saba. "Injinia, maji yamekata."

Nilishusha pumzi. Nina haki ya kujivunia usiku ule, maana naujua usiku mwingine.

Miaka sita nyuma nilikuwa msimamizi wa jengo jingine hapa hapa Dar es Salaam. Siku ya makabidhiano tulionyeshwa kwenye projekta modeli ya BIM, yaani mfano wa kompyuta unaobeba umbo la jengo na taarifa za vifaa vyake: jengo zima kwa pande tatu, unaingia chumba hadi chumba, mabomba ya buluu, nyaya za njano. Wakubwa walipiga makofi. Nikapewa diski, nikaifungia kabatini kama dhahabu. Bomba lilipopasuka, modeli ilisema koki iko ndani ya shafti, ile njia ya wima ya mabomba, jirani na lifti. Tulipofungua shafti, hamna kitu. Wakati wa ujenzi dakti, njia ya hewa ya viyoyozi, iliziba njia, fundi akaihamisha koki mita kadhaa, na hakuna aliyerudi kurekebisha modeli. Tulitoboa dari mahali kumi na nne. Mwisho tukafunga maji ya jengo zima, na wakati huo zulia na kompyuta za mpangaji wa chini zilikwisha kuloa.

Kwenye kikao cha Jumatatu mtu mmoja alisema mbele ya wote: "Msimamizi wa jengo hajui jengo lake." Neno lile bado linaniuma. Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na ukweli kidogo: nilipokea kitu nisichokikagua.

Ndipo nikaanza kusoma, usiku, baada ya watoto kulala. Nikakutana na ripoti ya mwaka 2004 ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Ilikadiria kuwa mifumo na taarifa zisizosomana ziliigharimu sekta ya majengo makubwa nchini humo dola bilioni 15.8 kwa mwaka, na karibu theluthi mbili ya mzigo huo waliubeba wamiliki na waendeshaji. Sisi! Anayechora ameshalipwa na kuondoka, anayejenga ameshahamia mradi mwingine, maumivu yanabaki kwa anayeshika funguo.

Nikaifahamu pia COBie, mpangilio wa kukabidhi taarifa za jengo, ulioanzia kwa wahandisi wa Jeshi la Marekani mwaka 2007. Wengi wakisikia BIM hufikiria picha, lakini COBie ni majedwali: ghorofa, vyumba, aina za vifaa, kifaa kimoja kimoja, mfumo wake, dhamana yake, vipuri vyake. Hata Excel inayafungua. Kwa sisi wa matengenezo, hayo majedwali ndiyo chakula chenyewe.

Jengo la sasa nililikuta bado liko kwenye jukwaa la mbao. Nikaandika kurasa nne za taarifa ninazotaka na nikaomba mwajiri aziingize kwenye masharti ya malipo ya mwisho. Hilo la malipo ndilo lililosaidia. Barua za heshima hazikuwa zimejibiwa. Nikaomba modeli katika faili la IFC pia, muundo wazi usiofungwa kwa programu ya kampuni moja, ili niifungue kwa programu ya bure hata leseni ya kampuni iliyoichora ikiisha. Kisha nikapanda ghorofa kwa ghorofa na fundi bomba wangu, kabla dari halijafungwa. Yeye anashika futi, mimi napiga picha. Kila koki tuliipima kutoka kwenye mlango, siyo kutoka kwenye mistari ya michoro, kwa sababu usiku wa dharura fundi haoni mistari ya michoro, anaona mlango.

Vibandiko vya kwanza vilikuwa vya karatasi. Mabomba ya maji baridi ya viyoyozi hutoa jasho, wiki mbili tu vikadondoka vyote. Tukaenda kugongesha herufi kwenye vibati vya alumini, tukavifunga kwa waya. Kazi ndogo, lakini kile kibati ndicho kilichosomwa kwa tochi Jumamosi.

Sehemu ya kuingiza data kwenye mfumo sitaisimulia; ni miezi ya kuchapa tu.

Ndugu zangu mnaosimamia majengo, tuache kupokea diski kwa makofi. Ifungue siku hiyo hiyo, chagua vifaa ishirini humo, nenda site ukavilinganishe. Visipolingana, usisaini. Na mpangaji akihamisha ukuta au fundi akibadilisha pampu, kazi isihesabiwe imekwisha mpaka jedwali limerekebishwa. Nasisitiza: mpaka jedwali limerekebishwa. Modeli isiyofuata mabadiliko itakudanganya siku unayoihitaji, nami nimeshadanganywa.

Mdogo wangu mmoja wa Dodoma ameniandikia kuuliza anunue programu gani. Nimemjibu kwa swali: dari lenu limeshafungwa? Akasema ghorofa mbili za juu bado. Basi mdogo wangu, programu itasubiri. Kesho asubuhi chukua futi, chaji simu, mchukue na fundi bomba wako, mwanzie ghorofa ya juu.